Ukurasa wa Nne Kichwa Chini

Mwaka jana tulipomzika mke wangu Selina, jina la kaka yake halikusomwa. Naanzia hapo kwa sababu hilo ndilo lililonipeleka steshenari kwa Jenipher, na kule steshenari ndiko nilikoharibu karatasi. Watu wa hapa Mandewa wakisimulia habari hii wanaanzia kwenye karatasi, wanacheka, wanaishia hapo hapo. Si kosa lao. Wao hawana mkwe Issuna.

Huyo kaka yake anaitwa Mathayo. Wazazi wao walifariki mwaka mmoja, baba mwezi wa tatu na mama wakati wa kuvuna. Watoto wakagawanywa kwa wajomba. Simoni na Edward wakapelekwa Manyoni, Scola akaenda kwa mama mdogo. Selina alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, hakuna aliyemtaka, maana mtoto wa umri ule ni kazi. Mathayo alikuwa kijana wa miaka kumi na saba. Akasema huyu anabaki na mimi. Akampikia uji, akamsuka nywele, na Selina alikuwa akisema kusuka kwenyewe kulikuwa kama kufunga mzigo wa kuni. Alipoanza kusema, akamwita Baba. Hakuna aliyemrekebisha.

Mimi nilipokwenda kuposa, aliyekaa kwenye kiti alikuwa Mathayo. Nikamwamkia shikamoo baba. Nimemwita baba miaka arobaini na sita.

Sasa sikilizeni kosa langu. Siku ya msiba akaja kijana na daftari, anaandika wasifu wa marehemu. Akaniuliza wazazi wake nani. Nikamtajia wale wawili waliokufa. Akaniuliza ndugu zake nani. Nikahesabu kwa vidole: Simoni, Edward, Scola. Akaandika, akaenda. Mathayo sikumtaja, na sikumtaja kwa sababu kichwani mwangu hakuwa ndugu wa Selina. Alikuwa baba yake. Na nafasi ya baba ilikuwa imeshajaa. Kwa hiyo akakosa pa kukaa.

Wasifu ukasomwa. Mathayo alikuwa kiti cha mbele, kofia ameiweka juu ya magoti. Akasubiri mpaka mwisho, nafikiri alidhani jina lake wameliweka mwishoni kwa heshima. Lilipofika neno amina akavaa kofia, akasimama, akaenda barabarani kungoja basi la Issuna. Udongo hakutupa. Mtu aliyemlea yule marehemu hakutupa udongo kaburini, na mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili nauona mgongo wake unaondoka, siwezi kumwita, maana jeneza lilikuwa linashuka.

Mwaka mzima simu yangu hapokei. Nimekwenda Issuna mara mbili. Ananikaribisha, ananipa maji, ananiuliza mvua ya huko Mandewa, halafu anakwenda kuangalia mbuzi. Mbuzi wenyewe sita. Anawaangalia mpaka niondoke.

Ulipotimia mwaka tukapanga ibada ya kuweka msalaba wa saruji. Nikamtuma Scola akamwambie. Scola akarudi na jibu, akanipa kama lilivyo, hakulipunguza makali:

"Anasema mwaka jana alisikia kwa masikio. Mwaka huu atakuja aone kwa macho. Asipoona, usimtafute tena mpaka mmoja wenu afe."

Mathayo ana miaka themanini na moja, mimi sabini na nne. Muda wa kubahatisha hatuna.

Ndipo nikaenda kwa Jenipher. Steshenari yake iko karibu na mashine ya kusaga, anapiga picha za pasipoti, anatoa kopi, anaandika kadi za harusi. Ni mama wa mtoto mmoja, ana adabu, na anachapa kwenye kompyuta bila kutazama vidole. Nikamwambia nataka kitabu cha ibada, kiwe na nyimbo, sala, picha ya mke wangu na wasifu. Akaniuliza kopi ngapi. Nikamwambia sitini. Akasema basi ni kijitabu cha kurasa nane, karatasi mbili tu kila kimoja, zinakunjwa katikati na kupigwa pini.

Wasifu nikamtajia mwenyewe, neno kwa neno. Nilikuwa nimeushika kichwani wiki nzima. Sehemu ile ilikuwa hivi: "Alilelewa na kaka yake Mathayo, ambaye Selina alimwita Baba mpaka alipofariki, na sisi sote tulimwita hivyo." Jenipher akachapa. Akanisomea. Nikamwambia asome tena. Aliposoma mara ya nne akaniuliza kwa upole kama babu nina wasiwasi na masikio au na sentensi.

Maneno yale yakaangukia ukurasa wa nne, na picha ya Selina ukurasa wa tano, mle katikati kabisa kijitabu kinapofunguka chenyewe. Nikafurahi. Mathayo akifungua tu, anakutana na jina lake na sura ya mtoto wake.

Jumamosi mchana nikaenda kuchukua. Ibada ni kesho yake Jumapili saa nane. Nikamkuta Jenipher ndiyo anaanza kutoa. Akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta jinsi ilivyopangwa, nami nikaona ukurasa wa nane umekaa ubavuni mwa ukurasa wa kwanza. Nikamwambia, mjukuu, hapa umekosea. Baada ya moja ni mbili. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo tulifundishwa la kwanza.

Akacheka kidogo. Akasema hiyo programu ya kutengenezea vitabu inazipanga yenyewe, usiitazame ikiwa imelala, itazame ikishakunjwa. Nikamwambia mimi naitazama kama ilivyo. Basi akachukua karatasi mbili chakavu, akazikunja pamoja, akaandika namba kwa kalamu kila ukurasa, moja mpaka nane, halafu akazifungua, akazitandaza mezani. Kweli. Nane iko na moja. Mbili iko na saba. Sita na tatu. Nne na tano pekee ndizo zimekaa kama watu wenye akili. Nikaelewa. Au niseme nikaacha kubisha.

Sasa ile printa yake haiwezi kuchapa pande mbili peke yake. Inatoa upande mmoja wote, karatasi sitini, halafu inasimama. Inawasha taa ya kijani, inakonyeza. Hapo wewe unazichukua zile karatasi, unazigeuza, unazirudisha tumboni, unabonyeza ile taa, nayo inatoa upande wa pili. Jenipher alifanya hivyo kwa karatasi ya kwanza, ile ya nje. Mikono yake ilikwenda haraka, sikuona aligeuzaje. Niliona tu kwamba aligeuza.

Ikaja karatasi ya pili, ile ya ndani. Upande mmoja ukawa unatoka, mara simu ikaita. Mtoto wake ana homa, dada anayemlea anasema amekataa dawa. Jenipher akasimama, akaniambia:

"Babu, nakwenda hapo nyumbani, dakika kumi tu. Ikisimama usiiguse. Iache hivyo hivyo."

Nikamwambia nenda mama, mtoto kwanza. Nikakaa. Karatasi zikaisha, printa ikasimama, taa ikaanza kukonyeza.

Nataka mnielewe. Nimefanya kazi ya kufyatua tofali miaka thelathini na mbili. Nyumba nyingi za Mandewa mnazoziona hazijapigwa plasta, tofali zile nazijua. Mtu wa tofali hawezi kukaa na kitu kinachongoja kugeuzwa. Tofali likishakauka juu, usipoligeuza mapema linapasuka, na kosa ni lako. Nikaiangalia ile taa dakika moja. Ikanikonyeza. Nikaangalia mlangoni, Jenipher hayupo. Nikaangalia taa. Nikasema kitu chenyewe ni kugeuza.

Nikazichukua zile karatasi zote sitini, nikazigonga mezani zikae sawa, nikazigeuza kama tofali linavyogeuzwa, yaani kichwa kinakwenda chini na miguu inakuja juu, tumbo lipate jua. Nikazirudisha. Nikabonyeza taa. Printa ikaunguruma, ikatoa zote sitini bila kukwama hata moja. Nilikuwa nimekaa nimekunja mikono, nasubiri kusifiwa.

Jenipher akarudi. Mtoto alikuwa ameshakunywa dawa. Akaona karatasi zimelala mezani, akachukua moja ya ndani na moja ya nje, akazikunja, akafungua katikati. Akakizungusha kijitabu. Akakizungusha tena.

"Babu, ulizigeuzaje?"

"Kama tofali."

Akakaa kwenye kiti. Hakunifokea, na heri angenifokea. Akaniwekea kijitabu mbele, akakifunua. Ukurasa wa kwanza sawa, wa pili sawa, wa tatu sawa. Tukafika katikati. Mke wangu amesimama kwa kichwa. Jina la Mathayo liko chini kulia, limepinduka miguu juu, na namba nne imegeuka kama kiti kilichoanguka. Ukifunua tena, ukurasa wa sita sawa, saba sawa, nane sawa. Akanieleza kwamba karatasi ya kitabu inageuzwa kama unavyofunua ukurasa, ubavu kwa ubavu. Ukiigeuza kichwa kwa miguu, nyuma kunapinduka. Kwenye tofali huwezi kujua tofauti, maana tofali halina maandishi.

Akasema tusihofu, anazitoa upya zile za ndani. Akaweka karatasi mpya. Akaichapa moja kwanza, pande zote mbili, akaigeuza mwenyewe. Ikatoka safi. Akaichapa ya pili, ikatoka imefifia, Selina anaonekana kama yuko ndani ya vumbi. Ya tatu ikatoka nyeupe. Wino umekwisha. Fundi wa kujaza wino alikuwa amekwenda kwenye harusi Itigi, anarudi Jumatatu. Jenipher akampigia mwenzake mwenye duka mjini, akamtumia ile kazi. Yule akasema programu hiyo hana, na alipoifungua kwa nyingine herufi zikatawanyika na nyimbo zikapanda juu ya sala. Akampigia mwingine, naye alikuwa ameshafunga.

Kwa hiyo nikawa na vijitabu hamsini na tisa vilivyopinduka katikati, na kimoja kizima.

Tukakaa tunavikunja na kuvipiga pini kwa ile stepla yake ndefu. Mimi nakunja, yeye anapiga. Mwishoni akaniuliza kile kizuri nakipeleka wapi, maana alijua habari yote, alikuwa ameichapa. Nikamwambia cha Mathayo. Akasema sawa babu. Akakifunga peke yake kwenye mfuko wa nailoni, visichanganyike.

Jumapili tukafunga turubai uani, viti vya plastiki tukavipanga vikiangalia kaburi. Watu wakaja. Mathayo akaja na Scola, wameshuka kwenye basi la asubuhi. Kofia ile ile. Nikamwamkia shikamoo baba, akaitika marahaba, mkono akanipa. Nikampa kijitabu chake kutoka kwenye mfuko. Hakukifungua. Akakaa kiti cha mbele, kofia juu ya magoti na kijitabu juu ya kofia.

Mwinjilisti wetu, Chediel, nilikuwa nimeshamweleza. Ni mtu ambaye hashangai. Aliniuliza tu ni ukurasa wa ngapi. Tukaimba, tukasali, tukafika ukurasa wa tatu. Chediel akainua kijitabu chake, akasema kwa sauti ile ile anayotangazia matoleo:

"Wapendwa, sasa tunaingia ukurasa wa nne. Kila mmoja ageuze kijitabu chake kichwa chini. Tukifika wa sita nitawaambia mrudishe."

Watu wakageuza. Hakuna aliyeuliza. Watu wa hapa wakiambiwa jambo ibadani wanafanya, maswali ni ya njiani wakirudi. Ilisikika kama upepo unapopita kwenye shamba la mtama. Vijitabu hamsini vikazunguka kwa pamoja, na Chediel akaanza kusoma wasifu.

Mathayo akafungua chake. Akakigeuza kama alivyoambiwa. Akaona kimepinduka. Akakirudisha. Kikawa sawa. Akatazama kushoto, akaona Scola ameshika chake kichwa chini, anasoma. Akatazama kulia, jirani naye kichwa chini. Akatazama nyuma, uwanja mzima. Akarudi kwenye chake, kiko wima, na jina lake hilo hapo.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Sikulifikiria kabla, Mungu ni shahidi. Nilikuwa namwona usoni kutoka pale nilipokaa na nikajua anachokisema moyoni: hawa wameniandikia cha peke yangu. Jina langu wameliweka kwenye kitabu kimoja, wamenipa mimi nisome, na wengine wote wanasoma kingine. Na mtu aliyesahauliwa mara moja anafikiria hivyo, na mimi ningefikiria hivyo.

Akaishika kofia.

Nikawa natazama ile kofia tu. Ikapanda kutoka magotini mpaka kifuani. Ikakaa hapo. Halafu akaishusha, akaipa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akachukua kijitabu cha Scola bila kumwomba. Akatoa miwani mfukoni, akavaa. Akatafuta kwa kidole. Kidole kikasimama. Akasoma, midomo inacheza. Kisha akamrudishia Scola, akageuka nyuma, akachukua cha mama mmoja wa kwaya, akasoma. Akachukua cha jirani wa kulia. Akasimama, akaenda mstari wa tatu, akachukua kingine kwa mzee mwenzake. Chediel alikuwa ameacha kusoma. Alisimama anasubiri, kidole kwenye mstari, kama mtu anayesubiri ng'ombe wavuke barabara.

Mathayo akasoma vijitabu vinne. Halafu akaja mpaka nilipokaa, akaninyooshea kile chake.

"Mkwe. Changu mbona hakigeuzwi?"

Nikasimama. Nikamwambia ukweli, maana uongo nisingeuweza na watu wote wale. Nikasema, "Baba, niliviharibu. Kilibaki kizima kimoja. Nikakupa wewe."

"Uliharibu vingapi?"

"Hamsini na tisa."

"Kwa kufanya nini?"

"Niligeuza karatasi kama tofali."

Akanitazama. Kiangazi baada ya kumwoa Selina, mimi na yeye tulifyatua tofali za nyumba yake ya Issuna, zaidi ya elfu mbili, wiki tatu bega kwa bega. Ndiyo nyumba anayolala mpaka leo. Akafikiri.

"Tofali ndivyo linavyogeuzwa," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Sasa chukua hiki chako. Nipe kama cha wenzangu."

Nikampa changu. Akarudi kiti chake, akakaa, akakigeuza kichwa chini, akampungia Chediel mkono kwamba aendelee. Chediel akaanza wasifu upya, kuanzia mwanzo. Alipofika kwenye lile jina akalisoma taratibu kuliko mengine. Mathayo alikuwa anafuata kwa kidole. Kofia ilikuwa imeanguka chini, hakuiokota.

Tulipofika ukurasa wa sita tukaambiwa turudishe, tukarudisha. Bibi mmoja alisahau, akaimba wimbo wote kitabu kikiwa kimepinduka, na hakukosea ubeti.

Msalaba ukawekwa, saruji ikamwagwa. Tukadhani tumemaliza. Mathayo akainama, na kwa umri wake kuinama ni kazi, akachota udongo kwa mkono, akautupa pale kwenye mguu wa msalaba. Mtu mmoja akanong'ona kwamba udongo hutupwa siku ya kuzika, siku ya msalaba hautupwi. Chediel akasema mwacheni. Akachota mara ya pili, akatupa. Mara ya tatu. Kisha akajipangusa mikono, akaniuliza kama chakula kiko tayari, maana basi la Issuna halimsubiri mtu.

Siku hizi simu anapokea. Anaongea kidogo, mvua, mbuzi, anakata. Wameshakuwa saba.

Kuna familia moja hapa mtaani walikwenda kwa Jenipher wiki mbili baadaye, wakataka vijitabu vya ibada vya kugeuza katikati, kama vya Mzee Paskali, ndiye mimi. Wakasema vilipendeza. Jenipher aliwauliza mara tatu kama wana uhakika. Akawachapia hivyo.

Kile kizima ninacho mimi. Kiko kwenye sanduku pamoja na cheti chetu cha ndoa. Jioni nyingine nakitoa, nakaa nacho mlangoni, nakisoma. Nikifika ukurasa wa nne nakigeuza kichwa chini, halafu nakumbuka, nakirudisha.